Simu ya Urbani Haikuita

Bi Somoe mpendwa, shikamoo.

Safu yako naisoma kila Jumamosi gazeti linapofika Mbinga, na sitakuficha kwamba mara nyingi nimecheka shida za watu wanaokuandikia, nikawa nasema huyu naye alikuwa anafikiri nini, leo ni zamu yangu na sina wa kumweleza, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, nina stesheneri ndogo hapa Mbinga mjini, natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za vyuo na za ajira, na kwa miaka minne sasa natengeneza tovuti. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kwa vitu vya bure, kwa sababu Bi Somoe mtandaoni kuna watu wanagawa kila kitu bure, violezo vya tovuti ambavyo vimeshakamilika, kazi yako ni kubadilisha maneno na picha tu, michoro midogo ya simu na bahasha na moyo, aina za herufi, picha za watu wanaotabasamu, mpaka vipande vya maagizo ya kufanya kitu kiruke au kigeuke mtu akikigusa, na mimi wateja wakipungua nilikuwa napakua tu, kompyuta ya dukani ikajaa. Kila mwaka unakuja na mtindo wake, mara rangi za giza, mara vitu kama vioo vyenye ukungu, mara herufi kubwa zinazojiandika moja moja, mara video inayocheza nyuma ya maandishi, na mimi nilikuwa naijua mitindo hiyo kama wenzangu wanavyowajua wachezaji wa mpira.

Mwaka jana mwezi wa tisa aliniita Sista Theresia, ambaye ni msimamizi wa kituo kimoja cha afya cha misheni huko mwambao wa ziwa, jina la kituo naliacha. Kituo kilikuwa na tovuti iliyotengenezwa zamani na mgeni aliyekuja kujitolea, ukurasa mmoja mweupe, juu jina la kituo, chini siku za kliniki na namba tatu za simu kwa herufi nyeusi, basi. Sista alitaka vitu viwili tu, nibadilishe siku za kliniki, na niweke namba mpya ya Urbani, dereva wa gari la wagonjwa, kwa sababu laini yake ya zamani ilipotea. Mimi nikamwambia Sista, hii tovuti ni ya kizamani, watu wakiiona watakidharau kituo. Akanijibu kwamba wanaoifungua ni watu wa vijiji vya juu, hawaji kuitazama, wanatafuta namba ya simu. Nakumbuka nilicheka. Nikamwomba aniachie wiki mbili nimtengenezee ya kisasa, bila malipo, kwa sababu na mimi nilitaka kazi moja kubwa ya kuwaonyesha watu.

Nikatengeneza. Nyuma niliweka video ya mawimbi ya ziwa, jina la kituo likawa linajiandika herufi moja moja, huduma nikazipanga kwenye kadi ambazo ukizigusa zinageuka, na juu kabisa nikaweka picha ya bure ya daktari mmoja mweusi anayetabasamu, sijui ni wa nchi gani, mpaka mgonjwa mmoja alikuja kituoni akawa anamuulizia yule daktari. Kiolezo nacho kilikuwa cha bure, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupakua. Jumapili moja baada ya misa tukaionyesha ukutani kwenye ukumbi wa parokia, mawimbi yakacheza, watu wakapiga makofi, na Sista mwenyewe akanishika mkono. Siku hiyohiyo mimi ndiye niliyemshauri kwamba kwenye kadi za kliniki na matangazo ya ofisi za vijiji wasiandike tena namba za simu, waandike anwani ya tovuti, nikamwambia madereva wanabadilisha laini, nikibadilisha namba sehemu moja tu kila mtu ataiona. Akakubali. Wakagonga mhuri wa anwani kwenye kadi zote.

Sasa nina rafiki yangu Rogasian. Tulisoma pamoja sekondari, tulilala kitanda kimoja bwenini, na alipofunga ndoa mimi nilikuwa msimamizi wake. Mke wake Scholastica alikuwa ananiita shemeji, na kila nikipanda kwao, huko juu upande wa Liparamba, nilikuwa sirudi bila furushi la mihogo. Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi ya saa tatu, Scholastica alikuwa anapalilia mihogo akaumwa na koboko kwenye kifundo cha mguu. Alimwona, kwa hiyo walijua ni nyoka gani. Zahanati ya kijiji haina dawa ya sumu hiyo, kituo cha Sista kinayo, na gari la wagonjwa likipigiwa simu linapanda na muuguzi na dawa kwa muda wa saa moja hivi kama barabara haijaharibika. Pikipiki mbili za kijiji zilikuwa zimepeleka watu mnadani. Rogasian akachukua kadi ya kliniki, akaona anwani, akakimbilia kwenye kilima ambapo mtandao unapatikana, akafungua.

Alinisimulia mwenyewe msibani, na alikuwa hanilaumu hata kidogo, alikuwa ananieleza tu kama unavyomweleza ndugu. Alisema ukurasa ulikaa muda mrefu ukiwa mweusi na kile kiduara kinazunguka, akaufunga akafungua upya, bando likawa linaisha, mawimbi yakaja nusu yakaganda, mwisho kikatokea kitufe chekundu chenye mchoro wa simu, akakibonyeza. Simu haikuita. Ilikuwa inatoa mlio mfupi na kukata, au sauti ya kike inasema maneno ambayo upepo ulikuwa unayachukua. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja, katikati anashuka kumtazama mke wake na kupanda tena. Baada ya dakika arobaini jirani aliyekwenda kutafuta usafiri akarudi na pikipiki ya kijiji cha pili, wakampakia Scholastica katikati, wakati huo kope zake zilikuwa zimelegea na maneno hayatoki vizuri. Barabara ilikuwa tope. Alifia njiani, karibu saa sita mchana, kituo kikionekana kule chini. Ameacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu.

Msibani watu wote walikuwa wanasema Urbani alizima simu. Wengine wakasema alikuwa kilabuni tangu asubuhi. Urbani alikuja kuzika, akasimama nyuma, akajitetea kwamba siku ile alikuwa anaosha gari uwanjani pale kituoni na simu ilikuwa mfukoni na haikuita, akawaonyesha watu kwamba hakuna aliyempigia, wakamwambia umefuta. Nikamwambia Rogasian nionyeshe hizo simu ulizopiga. Akanipa simu yake bila kuiangalia.

Bi Somoe, ile namba ilikuwa sifuri, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Imepangwa hivyo, mara kumi na moja.

Mimi niliijua palepale, kwa sababu ndiyo namba ya mfano iliyokuja na kiolezo. Waliokitengeneza waliiweka tu ili mtu ajue mahali pa kuandika namba yake. Niliporudi mjini nikafungua kazi yangu nikaona. Kiolezo kilikuwa na sehemu mbili za mawasiliano, moja inaonekana kwenye kompyuta na simu kubwa, hiyo niliibadilisha, nikaweka namba ya Urbani sawasawa, na nyingine ni kile kitufe chekundu ambacho kinajitokeza kwenye simu za kioo kidogo tu, na hicho sikuwahi kukiona kwa sababu niliijaribu tovuti kwenye kompyuta ya dukani na kwenye simu yangu ambayo ni kubwa, nikiwa mjini kwenye mtandao mzuri. Sikuwahi kuijaribu kwenye simu kama ya Rogasian. Siku ile ile nilibadilisha namba ya kitufe. Ilinichukua muda wa kumeza mate. Sikumwambia mtu.

Ningeishia hapo labda ningejisamehe, lakini sikuishia hapo. Wiki moja baadaye Rogasian alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaniomba nimwandikie barua ya kumshtaki Urbani kwa uongozi wa kituo. Alisema mimi ndiye ninayejua kuandika vizuri. Nikaandika. Nilichapa kwa vidole vyangu kwamba dereva alizima simu kwa makusudi au kwa uzembe na kusababisha kifo, nikamsomea, akalia, akasaini, nikapiga mhuri wa nakala. Urbani akasimamishwa kazi, akanyang'anywa funguo za gari. Vijana walivunja madirisha ya nyumba yake mchana kweupe. Kanisani benchi analokaa watu wanalihama.

Na juzi Jumatatu akaja Kalista, mke wa Urbani. Alitaka nimchapie barua za kuwahamisha shule watoto wawili, waende kwa bibi yao kijijini Ruanda, kwa sababu wenzao wanawaita watoto wa muuaji. Nikachapa. Alipokuwa anasubiri karatasi zitoke akaniuliza, kwa upole tu, "Kaka, wewe unajua mambo ya simu. Kuna namna mtu anaweza kupiga na kwa mwenzake isiite kabisa? Maana mume wangu ananiambia haikuita, na mimi sasa hivi sijui nimwamini au nisimwamini."

Nikamwambia, "Hapana dada, hakuna."

Akasema ahsante, akaondoka na barua zake.

Kamati ya kituo inakaa Jumanne ya wiki ijayo kumfukuza Urbani moja kwa moja. Nikisema, Rogasian atajua kwamba mke wake alikufa kwa mkono wangu, na barua pia ni yangu, sijui atafanya nini, yeye si mtu wa maneno. Sista ataaibika kwa sababu yangu. Naweza kufungwa. Kuna nyumba ya wageni ya Mbamba Bay na zahanati mbili zimeniomba niwatengenezee tovuti kama ile, na duka hili linamtunza mama yangu. Halafu najiuliza, nikisema ndiyo Scholastica atafufuka? Nilimtafuta tabibu wa kituo nikamuuliza kwa kuzungusha, kama gari lingeondoka saa tatu na nusu angepona, akanijibu, "Labda. Sisemi ndiyo na sisemi hapana." Hilo labda ndilo ninalolala nalo. Nishauri Bi Somoe, je, nikinyamaza na badala yake nimsaidie Urbani kimyakimya apate kazi kwingine, kwa mfano kwenye malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, haitatosha? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya barua, isichapwe.

Mimi M.,
Mbinga mjini.

BI SOMOE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha, na namba yako haikuchapwa, lakini niliitumia. Barua yako niliipata Ijumaa, kamati inakaa Jumanne, na gazeti letu haliwezi kumsubirisha mtu anayefukuzwa kazi kwa kosa ambalo si lake. Nikakupigia saa hiyohiyo. Wasomaji wengine hawakuwepo kwenye simu ile, kwa hiyo nayarudia hapa niliyokwambia, maana mafundi wa mitandao ni wengi na wanaopenda kupigiwa makofi ni wengi zaidi.

Kwanza pole. Nakupa pole ya kweli, si ya mdomoni. Kusahau namba moja ni kosa ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya, na fundi cherehani anayesahau sindano kwenye nguo ya mteja hakudhamiria kumchoma. Kama ungekwenda kwa Sista jioni ile uliyoiona namba, ukamwambia Sista nimeua, ningekuandikia leo barua ya kukufuta machozi.

Hukwenda. Ulikwenda kufuta ushahidi, kisha ukachapa shtaka dhidi ya mtu unayejua hana hatia, kisha ukamtazama mke wake usoni ukamnyima neno moja ambalo lingemrudishia mumewe. Kalista alikuuliza swali ambalo jibu lake duniani kote unalo wewe peke yako. Ukamdanganya huku karatasi zake zinatoka. Hilo halikutoka kwenye kiolezo, mwanangu, hilo uliliandika mwenyewe.

Unaniuliza kama Scholastica atafufuka. Hatafufuka. Lakini Urbani hajafa, na wewe unamzika. Unataka kumtafutia kazi Ngaka kimyakimya. Yaani aondoke kwao, aache nyumba yenye madirisha yaliyovunjwa, akaendeshe lori la makaa huku watoto wake wanaitwa watoto wa muuaji, na yeye akushukuru kwa msaada. Hata shetani angeona aibu kuipendekeza hiyo.

Unaogopa kufungwa. Sijui sheria itasema nini na sitakudanganya ili ulale. Watafute watu wa msaada wa kisheria wakueleze, ila usiwatafute kabla hujasema ukweli, kwa maana nakujua sasa, utafanya hiyo kuwa sababu ya kungoja. Unaogopa kazi za zahanati mbili. Hizo ndizo zilizonifanya niinuke kwenye kiti. Unataka kuwapelekea na wao mawimbi?

Nilikwambia hivi kwenye simu, na nilikufanya urudie. Usimwendee Rogasian kwanza. Nenda kwa Sista Theresia asubuhi ya Jumamosi, beba kile kiolezo ulichokipakua, maana uliniambia bado kimo kwenye kompyuta kama kilivyokuja, na beba simu ndogo ya kioo kidogo. Mwonyeshe kitufe, mwonyeshe namba. Halafu mwandikie kamati kwa mkono wako, bila kompyuta, kwamba shtaka lile uliliandika ukijua si kweli. Kisha kwa Rogasian, ukiwa na Sista na katekista, mchana, na usimwambie kwa simu. Kisha nyumbani kwa Urbani, upite mlango wa mbele watu wakikuona.

Ulirudia yote, mpaka mlango wa mbele. Kisha ukasema, sawa mama.

Na mimi nawaambia wasomaji yaliyofuata, kwa ruhusa ya wote waliotajwa, kwa sababu ushauri usiojulikana mwisho wake ni porojo. Alikwenda. Nimezungumza na Sista mwenyewe. Anasema kijana aliweka kompyuta mezani, akaeleza yote bila kujitetea, na yeye Sista akachukua ile simu ndogo, akaifungua tovuti palepale kituoni akaangalia saa yake ya ukutani mpaka mawimbi yalipotokea. Zilipita dakika sita, na pale kituoni ndipo mtandao ulipo mzuri. Hakumgombeza. Alisema kosa la kuondoa namba kwenye kadi ni lake pia, yeye ndiye aliyegonga mhuri, na Jumanne atalisema hilo mbele ya kamati. Alilisema. Urbani alirudishiwa funguo siku hiyo.

Kwa Rogasian haikuwa hivyo. Walimkuta nyuma ya nyumba anamwogesha mtoto. Alisikiliza yote akiwa amechuchumaa, hakuuliza kuhusu namba, hakuuliza kuhusu kitufe. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile barua uliyoniandikia, uliiandika ukiwa unajua?"

M. akajibu, "Nilikuwa najua."

Rogasian akamfunga mtoto taulo, akamchukua, akaingia ndani akafunga mlango. Sista na katekista waligonga, hakufungua. Kesho yake alishuka peke yake kwa miguu mpaka kwa Urbani. Urbani alinieleza kwa simu kwamba walikaa sebuleni, kwenye madirisha wameziba maboksi, na Rogasian alimwomba radhi mara moja, kisha chai ikapoa mezani. Na M. hajasemeshwa na Rogasian mpaka leo ninapoandika. Kwa Urbani nako alikwenda, akapita mlango wa mbele kama nilivyomwambia. Watoto wa Urbani bado wako Ruanda. Kalista amesema watarudi muhula ukiisha kama watataka wenyewe, na mdogo amesema hataki.

Sasa, M., juzi umeniletea ujumbe mwingine. Unauliza baada ya muda gani Rogasian atakusamehe, na kama umtumie mtu wa kumbembeleza. Nakujibu hadharani ili usiniulize tena. Hilo si lako kulipangia tarehe. Usimtumie mtu, usimtumie ujumbe, usijipitishe kwake na mfuko wa sukari. Misa ya arobaini ikifika nenda, kaa nyuma, na ikiisha ondoka kabla hajalazimika kukutazama. Akikuita siku moja, utakwenda. Asipokuita mpaka unazeeka, hiyo ni haki yake.

Kilicho chako ni kazi, na kazi ipo. Yatoe mawimbi. Mtoe yule daktari wa watu. Rudisha ukurasa mweupe, namba juu kabisa kwa herufi nyeusi, na namba hizohizo zirudi kwenye kadi na kwenye matangazo ya vijiji, kwa wino. Zahanati mbili zile ziambie kilichotokea kwa mdomo wako, kisha ziamue kama bado zinakutaka. Vitu vya bure uvitumie, sikukatazi, waliovitoa hawakukosa kitu. Lakini kabla hujamkabidhi mtu, fungua kila ukurasa na ubonyeze kila kitufe kwa simu dhaifu kuliko zote utakayoipata, mahali ambapo mtandao unakwenda kwa kuchechemea, na ukikuta namba, ipige mpaka mtu apokee. Hukufanya hivyo mara ya kwanza kwa sababu hapo hakuna wa kupiga makofi.

Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwa kadiri utakavyoishi Mbinga, utapanda huko juu, kijiji kimoja baada ya kingine, usianze na cha Rogasian. Utaazima simu ya mtu yeyote utakayemkuta, utafungua ukurasa, utabonyeza namba ya gari la wagonjwa. Nimemwuliza Urbani kama ataridhia kupigiwa na wewe, akafikiri, akasema apige. Akipokea usianze kulia wala kuomba msamaha. Mtajie kijiji ulipo, mwambie imeita, kisha kata simu, laini iwe wazi kwa mwenye shida.